Mwongozo kamili: kuichunguza namba tasa 2,147,483,647 kwa karatasi, kalamu na kikokotoo

Andika tarakimu 1 mara thelathini na moja kwenye mstari mmoja. Isome kwa mfumo wa kompyuta, ule wa 0 na 1 peke yake, nawe umeandika 2,147,483,647. Ukiongeza 1 juu yake unapata 2³¹, yaani 2 ikizidishwa yenyewe mara thelathini na moja. Kwa hiyo namba yetu ni 2³¹ − 1. Kuanzia hapa nitaiita M, ili tusichoshane.

M ni namba tasa: hakuna namba inayoigawanya bila baki isipokuwa 1 na yenyewe. Leonhard Euler alilithibitisha hilo mwaka 1772 bila mashine yoyote. Wengi wetu huipokea habari hii kama tunavyopokea urefu wa mlima ambao hatujaupanda. Tunaamini kwa kuwa imeandikwa. Mimi naona hiyo ni hasara, kwa sababu namba hii hukubali kuchunguzwa kwa mkono. Umbo lake, zile 1 thelathini na moja bila 0 hata moja kati yake, ni mlango. Atakayeingia kwa mlango huo ataujua utasa wa M kwa jasho lake, na njiani ataokota sifa zake nyingine nyingi.

Unahitaji karatasi za kutosha, kikokotoo cha kawaida, na jioni mbili tatu. Ukijua kuandika programu fupi, kazi itakuwa nyepesi, lakini fanya angalau hatua chache za kila sehemu kwa mkono. Maneno mawili tuyaweke sawa mapema. Kipeo cha pili cha namba ni namba hiyo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe: kipeo cha pili cha 14 ni 196. Kipeuo cha pili ndiyo njia ya kurudi: kutoka 196 kwenda 14.

Hatua ya 1: Jifunze kukunja

Huu ndio ufundi utakaokubeba mpaka mwisho, kwa hiyo usiupite haraka.

Shuleni tulifundishwa kwamba ukitaka baki la namba ikigawanywa kwa 9, unajumlisha tarakimu zake. Inawezekana kwa sababu 10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, hivyo kila kumi inahesabika kama 1. Kwa M mambo ni yale yale: 2³¹ ikigawanywa kwa M inabaki 1. Basi namba yoyote kubwa unaikata vipande viwili. Kipande cha kwanza ni idadi ya 2³¹ zilizomo ndani yake, cha pili ni kilichosalia. Vijumlishe. Jibu lina baki lile lile na namba uliyoanza nayo. Likiwa bado linaizidi M, kata tena au toa M.

Anza na ndugu mdogo ili mkono uzoee. 2⁷ − 1 ni 127, nayo ni tasa. Tunataka baki la 4,487 ikigawanywa kwa 127. Ndani ya 4,487 kuna 128 ngapi? Thelathini na tano, ambazo ni 4,480, na inasalia 7. Jumlisha 35 na 7 upate 42. Hilo ndilo baki. Hukugawanya kwa 127 hata mara moja. Sasa jaribu 12,319: zimo 128 tisini na sita, inasalia 31, na jumla ni 127, yaani baki ni 0.

Kwa kompyuta ufundi huu ni rahisi kupita kiasi, maana kugawanya kwa 2³¹ ni kukata msururu wa biti, yaani zile tarakimu za 0 na 1, mahali pamoja tu. Ndiyo sababu namba tasa za umbo hili hupendwa na wanaopiga hesabu nzito.

Hatua ya 2: Kagua kipeo kwanza

Kabla ya kuisumbua M yenyewe, tazama ile 31 iliyo juu ya 2, ambayo ndiyo kipeo. Chukua kwanza namba ya 1 kumi na tano, ambayo ni 2¹⁵ − 1 = 32,767. Kumi na tano hugawanyika katika makundi matatu ya tano tano, na kila kundi ni 11111, yaani 31. Basi 31 lazima iigawanye 32,767, na kweli inaigawanya: 31 × 1,057. Kwa mtindo huo, kipeo kikigawanyika, namba nzima nayo imeshagawanyika. 31 ni tasa, kwa hiyo zile 1 za M hazipangiki katika makundi yaliyo sawa. Kizuizi cha kwanza kimepitwa.

Lakini usishangilie mapema. 11 nayo ni tasa, na 2¹¹ − 1 = 2,047 ni 23 × 89. Kipeo kuwa tasa ni sharti la kuingia mlangoni. Halithibitishi kitu zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Wachuje watuhumiwa kama Euler

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha M kinazidi 46,340 kidogo. Mtu asiyejua lolote angelazimika kuigawanya M kwa kila namba tasa kuanzia 2 hadi hapo, na hizo ni karibu 4,800. Hapa ndipo umbo la M linapotuokoa.

Tuseme kuna namba tasa q inayoigawanya M. Basi 2³¹ ikigawanywa kwa q inabaki 1. Maana yake ni kwamba ukiwa unazidisha kwa 2 na kubakiza mabaki tu, unarudi ulipoanzia baada ya hatua 31. Kwa kuwa 31 ni tasa, huwezi kuwa umerudi mapema zaidi. Upande wa pili, Fermat alionyesha kwamba mzunguko wa namna hiyo lazima ugawanye q − 1 bila baki. Basi 31 inaigawanya q − 1. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa, na tunapata kwamba 62 inaigawanya q − 1. Watuhumiwa wote wanaishi kwenye mstari wa 63, 125, 187, 249, 311 na kuendelea, kila mmoja akimzidi mwenzake kwa 62.

Kuna mchujo wa pili, nao ni mzuri zaidi. Kama 2³¹ inabaki 1, basi 2³² inabaki 2. Lakini 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Kwa hiyo, katika ulimwengu wa mabaki ya q, 2 ni kipeo cha pili cha namba fulani. Jambo hilo hutokea pale tu q ikigawanywa kwa 8 inabaki 1 au 7. Unganisha masharti mawili na utaona kwamba q ikigawanywa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63. Hakuna njia ya tatu.

Hesabu waliosalia. Namba za umbo 248n + 1 zisizozidi 46,340 ni 186, ukianzia n = 1. Za umbo 248n + 63 nazo ni 186. 63 yenyewe tumeiacha kwa kuwa si tasa. Jumla 372, na wengi wao huanguka wenyewe kwa kuwa si tasa. Angalia wa mwanzo: 249 inagawanyika kwa 3, 311 ni tasa, 497 inagawanyika kwa 7, 559 ni 13 × 43, 745 inagawanyika kwa 5, 807 na 993 kwa 3, 1,055 kwa 5, 1,241 ni 17 × 73, 1,303 ni tasa, 1,489 ni tasa. Kati ya kumi na mmoja wamebaki watatu wa kuhojiwa.

Kuwahoji ni rahisi. Usigawanye M yote. Chukua 65,536, ambayo ni 2¹⁶, tafuta baki lake kwa mtuhumiwa, lipandishe kipeo cha pili, kisha tafuta baki tena. Likitoka 2, umemkamata. Lisipotoka 2, mwache aende. Kwa 311: 65,536 inabaki 226, kipeo cha pili cha 226 ni 51,076, nayo inabaki 72. Si 2, basi 311 hana hatia. Ukipenda kuhakiki kwa njia ndefu, M ikigawanywa kwa 311 inabaki 35. Kwa 1,303 inabaki 226, kwa 1,489 inabaki 199.

Ukiendelea hivyo hadi 46,340 na usimkamate yeyote, umeuthibitisha utasa wa M kwa njia iliyo karibu sana na ile ya Euler. Kwa mtu mmoja ni kazi ya siku kadhaa, na si lazima uimalize kwa sababu hatua ya 5 ina njia fupi zaidi. Ila nakusihi uujaribu mchujo huu kwenye namba ambayo kweli ina hatia, uone unavyofanya kazi. Chukua 2²⁹ − 1 = 536,870,911. Watuhumiwa ni wa umbo 58k + 1. Wa kwanza, 59, inabaki 3 kwa 8: nje. 117 inabaki 5: nje. 175 inabaki 7, lakini si tasa. Anayefuata ni 233, na huyo ndiye wa kwanza kuhojiwa kweli: 233 × 2,304,167 = 536,870,911. Umemkamata kwa pigo la kwanza.

Pietro Cataldi alidai, katika kitabu chake cha mwaka 1603, kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote huzaa namba tasa. Fermat alizikataa 23 na 37 mwaka 1640, Euler akaikataa 29 mwaka 1738. Imebaki 31 peke yake. Cataldi hakuwa na mchujo huu. Kwa 23 angeona mara moja kwamba 47 inaigawanya 8,388,607.

Hatua ya 4: Epuka mtego wa kipimo cha Fermat

Wengi wanajua kipimo hiki cha haraka: chagua namba a, ipandishe kwa kipeo cha M − 1, na kama baki kwa M si 1, M si tasa. Kipimo ni sahihi, ila usikitumie na a = 2 kwenye namba za umbo hili. 2,047 hupita kipimo hicho kwa 2 ingawa ni 23 × 89, kwa sababu 2¹¹ inabaki 1 na 11 inaigawanya 2,046. Namba zote za umbo 2 kwa kipeo tasa, kasoro 1, hupita hivyo hivyo, ziwe tasa au zisiwe tasa. Tumia 3. Na hata ukitumia 3, kupita ni dalili tu. Uthibitisho unakuja sasa.

Hatua ya 5: Thibitisha kwa mistari 29

Édouard Lucas aligundua njia hii katika miaka ya 1870, na Derrick Henry Lehmer akaipa sura tunayoitumia leo. Kanuni yake inaingia kwenye sentensi moja: anza na 4, kila mara pandisha kipeo cha pili, toa 2, bakiza baki kwa M, ukifika mstari wa 29 na kupata 0, M ni tasa, na usipopata 0, si tasa. Kwa kipeo kingine p, mistari ni p − 2.

Fanya kwanza kwa 127, ambako p ni 7 na mistari ni mitano. 4 inazaa 14. 14 inazaa 194, ambayo ikikunjwa ni 67. 67 inazaa 4,487, ambayo tumeshaikunja: 42. 42 inazaa 1,762, ikikunjwa ni 111. 111 inazaa 12,319, ikikunjwa ni 0. Umemaliza.

Sasa M. Mistari mitatu ya kwanza ni laini: 14, 194, 37,634. Wa nne ni 37,634 kwa kipeo cha pili kutoa 2, yaani 1,416,317,954, bado haijaifikia M. Kazi nzito inaanzia wa tano, na nitauonyesha wote ili usipotee kwenye mingine.

Kwanza punguza ukubwa. Kipeo cha pili cha x na cha M − x vina baki lile lile, kwa hiyo tumia kilicho kidogo: 2,147,483,647 − 1,416,317,954 = 731,165,693. Kikokotoo cha kawaida hakitoshi kuonyesha kipeo cha pili cha namba hii, basi igawe vipande: 731,000,000 na 165,693. Kipeo cha pili cha kipande cha kwanza ni 534,361,000,000,000,000. Vipande viwili vikizidishana, mara mbili, ni 242,243,166,000,000. Kipeo cha pili cha kipande cha pili ni 27,454,170,249. Jumla ni 534,603,270,620,170,249.

Sasa kunja. Ndani yake zimo 2,147,483,648 mara 248,944,047, na inasalia 420,726,793. Jumlisha hizo mbili: 669,670,840. Toa 2: 669,670,838. Huo ndio mstari wa tano.

Kabla hujasonga, hakiki kila zao kwa kanuni ya 9. Tarakimu za 731,165,693 zinajumlika kuwa 41, yaani 5. Kipeo cha pili cha 5 ni 25, yaani 7. Tarakimu za zao letu zinajumlika kuwa 61, yaani 7. Zimekubaliana. Uhakiki huu huchukua nusu dakika. Kosa dogo kwenye mstari wa sita litaharibu mistari ishirini na mitatu inayofuata bila kukupa dalili yoyote mpaka mwisho, na maumivu ya kurudia kazi yote nayajua vizuri.

Hii hapa mistari yote ya kulinganishia, kuanzia wa tano: 669670838, 1937259419, 425413602, 842014276, 12692426, 2044502122, 1119438707, 1190075270, 1450757861, 877666528, 630853853, 940321271, 512995887, 692931217, 1883625615, 1992425718, 721929267, 27220594, 1570086542, 1676390412, 1159251674, 211987665, 1181536708, 65536, 0.

Tazama mstari wa 28. Baada ya vurugu yote ile, namba zikirukaruka bila mpangilio unaoonekana, inatokea 65,536, ambayo ni 2¹⁶ kamili. Kipeo chake cha pili ni 2³², ambayo ikikunjwa ni 2. Toa 2, unabaki na 0. Kila nikifika hapo nasimama kidogo.

Kwa nini sifuri ni uthibitisho? Mistari hii inaficha namba 2 + √3. Ukiipandisha kipeo cha pili mara kwa mara, na kujumlisha kila mara pamoja na mwenzake 2 − √3 aliyepandishwa vivyo hivyo, jumla zinazotoka ndizo hizo 4, 14, 194 na nyinginezo. Sifuri kwenye mstari wa 29 inasema kwamba 2 + √3, ikizidishwa yenyewe hatua kwa hatua, inarudi kwenye 1 baada ya hatua 2³¹ kamili, si kabla. Sasa tuseme M ina kigawo tasa q kisichozidi kipeuo chake cha pili. Katika ulimwengu wa mabaki ya q, namba za umbo a + b√3 ni q² tu, na ukiiacha sifuri ni q² − 1, ambazo hazifiki 2³¹. Mzunguko wenye vituo 2³¹ tofauti hauenei humo. Basi q hayupo.

Njia hii hii, ikiwa na mashine zenye nguvu na mbinu za kuharakisha kuzidisha, ndiyo iliyotumika kuhakiki majitu ya leo. Mradi wa GIMPS, wa kutafuta namba tasa za umbo hili, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, uliitangaza mwezi Oktoba 2024 namba 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kasoro 1, iliyopatikana na Luke Durant. Ina tarakimu 41,024,320.

Hatua ya 6: Ifungue M − 1

Namba tasa haifunguki, lakini jirani yake wa chini hufunguka, na humo ndimo siri nyingi zilimofichwa. M − 1 ni 2 × (2³⁰ − 1), na 2³⁰ − 1 ni (2¹⁵ − 1) × (2¹⁵ + 1), yaani 32,767 × 32,769. Ya kwanza ni 7 × 31 × 151. Ya pili ni 3 × 3 × 11 × 331. Kwa hiyo:

2,147,483,646 = 2 × 3² × 7 × 11 × 31 × 151 × 331.

Umefungua namba ya tarakimu kumi kwa mistari mitatu. Tumia matokeo hayo hivi. Mzunguko wa namba yoyote ukizidisha na kubakiza mabaki kwa M lazima ugawanye M − 1. Wa 2 ni mfupi mno, hatua 31 tu. Kuna namba zenye mzunguko mrefu kabisa, zinazopita kwenye mabaki yote kutoka 1 hadi M − 1 kabla ya kurudi. Ndogo kuliko zote ni 7. Ili kuhakiki, gawanya M − 1 kwa kila mmoja wa wale saba, yaani 2, 3, 7, 11, 31, 151 na 331. Pandisha 7 kwa kila kipeo unachopata, na angalia kwamba hakuna hata mmoja unaotoa baki 1. Kwa 2 unapata M − 1 yenyewe. Ukiona pia kwamba 7 kwa kipeo cha M − 1 inabaki 1, umeuthibitisha utasa wa M upya, kwa njia isiyohusiana na ile ya hatua ya 5. Neno tasa lisikudanganye: humu ndani 7 inazaa namba zote bilioni mbili na ushei.

Na 7 haiko peke yake. Idadi ya namba zenye uwezo huo ni 1 × 6 × 6 × 10 × 30 × 150 × 330 = 534,600,000, takriban moja kati ya kila nne. Mojawapo ni 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5. Inarithi uwezo wa 7 kwa sababu 5 haimo kati ya vigawo vya M − 1. Mwaka 1969 Lewis, Goodman na Miller waliitumia kutengeneza namba nasibu kwenye kompyuta: anza na 1, zidisha kwa 16,807, bakiza baki kwa M, rudia. Unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073. Ukiandika programu yako, hakikisha namba ya 10,000 ni 1043618065. Ikitoka nyingine, kuna kosa kwenye kukunja. Tumia mbinu hii kwa mazoezi na majaribio mepesi, kamwe usiitumie kulinda siri. Anayeona namba moja tu anazijua zote zinazofuata.

Hatua ya 7: Sifa za haraka

M ikigawanywa kwa 4 inabaki 3, basi haiwezi kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili, kwa kuwa kila kipeo cha pili hubaki 0 au 1. Majirani zake tasa wa karibu ni 2,147,483,629 chini na 2,147,483,659 juu, yaani umbali wa 18 na 12. Kwa ukubwa huu wastani wa umbali ni kama 21.5, kwa hiyo M haiishi upweke. Katika foleni ya namba tasa zote kuanzia 2, yenyewe ni ya 105,097,565.

Ukiizidisha kwa 2³⁰ unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni namba kamilifu: ukijumlisha vigawo vyake vyote vilivyo chini yake, unaipata yenyewe. Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, akidhani hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. M ilishika nafasi ya namba tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana kwa miongo mingi. Mwaka 1867 mwanahisabati Landry alipata iliyo kubwa zaidi, 3,203,431,780,337, ambayo ni kigawo cha 2⁵⁹ − 1. Miaka tisa baadaye Lucas akaruka moja kwa moja hadi 2¹²⁷ − 1.

Wanaoandika programu wanaijua M kwa njia nyingine: ndiyo namba kubwa kabisa inayokaa kwenye biti 32 pale biti moja inapoachwa kwa ajili ya alama ya kutoa. Mifumo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti hizo itafika M tarehe 19 Januari 2038, saa 9 na dakika 14 na sekunde 7 usiku kwa saa za UTC. Sekunde inayofuata haina pa kuandikwa.

Zoezi la mwisho

31 nayo ni 2⁵ − 1. Kwa hiyo M ilijengwa kwa kuweka namba tasa ya umbo hili kwenye kipeo, na ikatoka tasa nyingine. Ni kawaida kuuliza: je, tukiiweka M yenyewe kwenye kipeo? Namba 2 kwa kipeo cha M, kasoro 1, ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Mwongozo wote huu hautoshi kuiandika. Lakini mchujo wa hatua ya 3 bado unafanya kazi: kila kigawo chake tasa ni cha umbo 2kM + 1. Weka k = 68,745 upate 295,257,526,626,031.

Ihoji kama ulivyomhoji 311. Utahitaji lugha ya programu inayoshika namba ndefu, kwa mfano Python. Anza na 2, pandisha kipeo cha pili, bakiza baki kwa 295,257,526,626,031, na urudie hivyo mara 31. Ukimaliza mara ya thelathini na moja utakuwa na 2³¹ kwenye kipeo cha 2, na baki lililo mbele yako litakuwa 2.